Karafuu kwenye pilau sawa, mafuta ya karafuu kwenye jino la mtoto hapana

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko Uyole, Mbeya. Wifi yangu alikuja kutoka Dar na mfuko mkubwa wa karafuu pamoja na kichupa cha mafuta ya karafuu, akasema ni dawa ya kila kitu. Nikaambiwa niloweke karafuu usiku, asubuhi ninywe yale maji, yanasafisha kizazi, maana tunatafuta mtoto wa pili na hajapatikana. Mama mkwe ana kisukari, naye ameanza kuyanywa. Mwanangu wa miaka minne na nusu ana gego lililotoboka, na akilia usiku wifi anasema nimdondoshee yale mafuta. Nimeogopa, sijamwekea. Halafu tangu nianze kutumia karafuu hizi pilau yangu inakuwa chungu, mume wangu anakula kimyakimya. Na je, mkarafuu unaweza kuota huku kwetu? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mara moja. Nitaanza na la mtoto, hayo mengine yanaweza kusubiri.

Hofu yako imekusaidia. Usimdondoshee mtoto huyo mafuta ya karafuu, hata tone moja, hata kwa pamba. Na hicho kichupa kitoe jikoni sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kifungie mahali ambapo hata akipanda juu ya kiti hakifikii. Mimi ni mfamasia, na katika vitu vinavyoitwa dawa za asili majumbani mwetu, mafuta ya karafuu ni kimoja kati ya vichache vinavyonifanya niache chai yangu ipoe ili nimweleweshe mtu.

Sababu ni hii. Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa likiwa bado limefumba, kisha huanikwa juani mpaka likauke. Karafuu kavu iliyo nzuri ina mafuta ya kunukia yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kiasi kikubwa mno kwa kiungo cha jikoni. Na sehemu kubwa ya mafuta hayo, kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali moja tu inayoitwa eujenoli. Hiyo ndiyo harufu unayoisikia, ndiyo ukali unaouma ulimi, na ndiyo ganzi inayotuliza jino.

Tupige hesabu kidogo. Karafuu moja kavu ina uzito wa karibu sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo ndani yake kuna eujenoli kama miligramu 13. Mililita moja ya mafuta safi ya karafuu ina eujenoli miligramu 800 hivi. Yaani mililita moja imebeba karafuu 60, na kijiko kimoja cha chai, ambacho ni mililita 5, kimebeba karafuu 300. Hakuna mama atakayemtafunisha mtoto karafuu 300, lakini kijiko cha chai kwa macho ni kitu kidogo sana, na hapo ndipo watu wanapoponzwa.

Kamati ya pamoja ya FAO na Shirika la Afya Duniani inayochunguza viungio vya chakula iliweka kiwango cha eujenoli ambacho mtu anaweza kula kila siku maisha yake yote pasipo wasiwasi: miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Tuseme mwanao ana kilo 16. Mwisho wake ni miligramu 40, sawa na karafuu tatu. Kwa mafuta, hilo ni tone moja. Ukimdondoshea matatu au manne kwenye jino, mengine yatateremka na mate, na usiku akilia tena utamwongeza, na kesho yake tena.

Madaktari wa Uingereza waliandika mwaka 1993 habari za mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu kati ya mililita 5 na 10. Alipoteza fahamu, akapata degedege, ini likaharibika na damu ikashindwa kuganda. Alipona, lakini baada ya kuhudumiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ikitokea mtoto wako, au wa jirani, ameyanywa, usimtapishe, kwa sababu mafuta yakiingia mapafuni ni balaa jingine. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Mbebe yeye na kichupa chake mwende hospitali hata kama anacheza na kucheka, maana ini halilalamiki saa ya kwanza. Hospitali wanaweza kumpa asetilisisteini, dawa ileile anayopewa mtu aliyezidisha parasetamoli.

Sasa huyo anayelia usiku afanyiwe nini? Toa mabaki ya chakula kwenye tundu kwa mswaki laini, msukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo (umri huo anajua kutema), umpe parasetamoli ya maji. Dozi yake hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma kwenye chupa, nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa kilo 16, mililita 7.5 zinatosha. Mpime kwanza, usikisie kwa macho. Na mlaze kichwa kikiwa kimeinuka kidogo, maumivu ya jino hupanda akilala bapa.

Kisha mpeleke kwa daktari wa meno. Najua utakaloambiwa mtaani: "Si jino la utoto hilo, litang'oka lenyewe." Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto ana miaka 10, pengine 12. Huyo bado ana miaka mitano au zaidi ya kulitafunia, na usaha ukikaa chini yake unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojitengeneza hapo. Akivimba shavu, akipata homa, akishindwa kufungua mdomo au kumeza, usingoje asubuhi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba daktari anaweza kumwekea karafuu hiyohiyo. Dawa ya kuziba jino kwa muda, ile inayofanya chumba cha daktari wa meno kinukie kama pilau, ni eujenoli iliyochanganywa na unga wa zinki oksaidi. Tofauti ni kwamba ile imefungwa ndani ya unga, inatoka kidogokidogo, na aliyeiweka ametazama kwanza kama neva ya jino bado ni nzima.

Kwa mtu mzima sikatazi. Jino likikuamsha saa nane za usiku, chukua karafuu moja nzima, iweke mdomoni ilainike, iume polepole jirani na jino linalouma, mate uyateme. Ganzi itashika. Watafiti wa Kuwait walichapisha mwaka 2006 majaribio ya jeli ya karafuu iliyopakwa kwenye fizi za watu kabla ya kuchomwa sindano, wakakuta inapunguza maumivu kwa kiwango kinachokaribiana na benzokeini, dawa ya ganzi inayojulikana. Hilo ni la kweli na wazee wetu hawakukosea. Mafuta safi, hata kwa mtu mzima, yanaunguza fizi. Wanaokuja dukani na kidonda cheupe kwenye ufizi huwa hatuulizani sana. Ukiyatumia, changanya tone moja na matone kumi ya mafuta ya kupikia, chovya pamba, gusa jino tu. Na ujue kuwa maumivu kukoma siyo jino kupona. Mara nyingi jino lililouma wiki nzima likinyamaza ghafla ni neva imekufa, na usaha unatafuta njia nyingine.

Tuje kwenye maji ya asubuhi.

Kizazi, mdogo wangu, hakina uchafu wa kuoshwa na kinywaji. Unachokunywa kinaenda tumboni na kwenye utumbo; mfuko wa uzazi hujisafisha wenyewe kila mwezi kwa hedhi. Hakuna utafiti uliofanywa kwa wanawake ukaonyesha kuwa maji ya karafuu yanafungua mirija, yanakausha uvimbe au yanaleta mimba. Nasema hivyo nikijua kabisa kwamba ukifungua simu utaona video kibao zinazosema kinyume, na chini ya kila video kuna namba ya kuagizia.

Je, yana madhara? Kikombe kilicholowekwa karafuu tano au sita, kwa mtu mzima mwenye kilo 60, hakivuki kile kiwango nilichokutajia, ambacho kwa uzito huo ni kama karafuu 11 kwa siku. Tena eujenoli haiyeyuki yote kwenye maji. Ukiipenda ladha yake, kunywa. Kinachonipa wasiwasi ni hatua inayofuata, maana ushauri huu hauishii kwenye kikombe. Wiki mbili tatu baadaye utaambiwa uzichemshe ujifukize kwa chini, au uzifunge kwenye kitambaa uziweke ukeni. Hapo kataa kabisa. Ngozi ya huko ni laini kuliko ya mdomoni, inaungua, na wale bakteria wazuri wanaoulinda uke wanauawa pamoja na wabaya. Uliyeanza bila ugonjwa unaishia na muwasho, uchafu na maambukizi.

Kuchelewa kwa mtoto wa pili kuna sababu zake nyingi, na nyingine ni nyepesi. Kama ulikuwa unachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba huweza kuchukua miezi 10 kurudi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Kama uliwahi kuumwa tumbo la chini na homa baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, mirija inahitaji kuangaliwa. Na nusu ya habari iko kwa mume wako, ambaye hakuna aliyemwambia aloweke kitu chochote. Utaratibu ni kwamba mkikutana mara kwa mara mwaka mzima bila kinga na mimba haijashika, mnakwenda wote wawili kupimwa. Ukiwa umefika miaka 35, miezi sita inatosha. Hapo Mbeya mnaweza kuanzia hospitali ya Meta.

Wifi akikwambia basi mpe mume, karafuu ni nguvu za kiume, mwambie kuna watafiti wa India waliochapisha mwaka 2008 majaribio yao kwa panya madume. Dozi ndogo ya dondoo ya karafuu ilipandisha homoni ya kiume kidogo. Dozi kubwa ikaishusha na kuharibu utengenezaji wa mbegu. Ni panya, siyo watu, lakini inatosha kumnyamazisha mtu mezani.

Na ukishika mimba, karafuu za kwenye chakula endelea nazo. Hizo za kunywa kama dawa acha, na mafuta usiyaguse.

Mama mkwe: aendelee na dawa zake za hospitali bila kupunguza hata kidonge kimoja. Kuna majaribio madogo yanayoashiria kuwa karafuu inaweza kushusha sukari kidogo, lakini si kwa kiwango cha kumwachisha mtu metformini, na waliolazwa kwa sababu waliacha dawa wakashika mizizi na viungo ni wengi. Kama anataka kunywa, apime sukari kama kawaida na aandike. Muulize pia kama anatumia warfarini au asipirini ya kila siku kwa ajili ya moyo. Eujenoli hupunguza kushikamana kwa chembe sahani za damu, na vikijumlishwa damu inaweza kuchelewa kuganda. Mtu wa namna hiyo abaki na karafuu za kwenye pilau tu, na mtu yeyote anayesubiri upasuaji aache dozi za karafuu wiki mbili kabla.

Hata hivyo kuna namna karafuu inaweza kumsaidia mwenye kisukari bila uchawi wowote. Chai yenye karafuu, tangawizi na kipande cha mdalasini ina ladha ya kutosha kunyweka na sukari kidogo au bila sukari. Mzee aliyezoea vijiko vitatu ukimwambia anywe chai tupu atakukasirikia. Mpe yenye viungo, ushushe kijiko kimoja kila wiki.

Kuhusu kikohozi sikuulizwa, ila najua wifi atakifikia, hasa tukianza Juni na baridi yake. Kutafuna karafuu kunatuliza koo linalowasha, sawa. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa ni bure.

Haya, sasa pilau, ambayo kusema kweli ndiyo sehemu niliyotamani kuifikia.

Uchungu wako una sababu tatu zinazowezekana, na nadhani ni zote tatu. Ya kwanza ni kwamba karafuu za zamani, zile za pakiti ndogo zilizokaa gengeni miezi mingi kwenye jua, zilikuwa zimekauka mafuta. Ulizoea kutia kumi na tano ndipo zinukie. Hizi za wifi huenda zimetoka Zanzibar karibuni, bado zimejaa mafuta, na wewe mkono wako haujabadilika. Karafuu ni mgeni mwenye sauti kubwa: mmoja anachangamsha sebule, watano hakuna anayesikilizana.

Ya pili, nadhani unazisaga pamoja na viungo vingine. Karafuu ikisagwa inatoa kila ilicho nacho, pamoja na ule uchungu wa kikonyo, na huwezi kuitoa tena. Iache nzima. Ihesabu ikiingia, ihesabu ikitoka, na watoto hawatauma moja katikati ya tonge wakaichukia pilau maisha yao yote. Kama huna subira ya kuzitafuta, zifunge kwenye kitambaa cheupe kidogo na uzi.

Ya tatu ni moto. Watu wengi wanatia viungo kwenye mafuta yaliyochemka tangu mwanzo, kitunguu kinafuata, na kwa kuwa kitunguu cha pilau kinataka kukaangwa mpaka kiwe rangi ya kahawia iliyokoza, karafuu inakaa kwenye mafuta ya moto robo saa. Inaungua. Karafuu iliyoungua ni chungu na haina dawa. Kaanga kitunguu kwanza, kikishakolea nyunyiza maji kijiko kimoja sufuria ipoe, ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi, kisha viungo kwa dakika moja tu, kisha nyama na supu yake.

Kipimo changu kwa kilo moja ya mchele: binzari nyembamba kijiko kimoja na nusu cha chakula, pilipili manga kumi, iliki tano, mdalasini kipande cha urefu wa kidole, na karafuu sita. Binzari, pilipili manga na iliki zitwange kwenye kinu. Mdalasini na karafuu ziache zilivyo. Ila hapo nazungumzia mchele wa kawaida. Wewe uko Mbeya, na kama sufuriani kuna mchele wa Kyela, shusha karafuu ziwe nne. Mchele ule una harufu yake mwenyewe, ndiyo sababu watu wanausafirisha mpaka Dar na kuulipia zaidi, na ukiuzika chini ya karafuu umetupa hela. Mchele wa Mbarali uliokaa ghalani mwaka mzima unaweza kuvumilia zote sita.

Pilau iliyokwisha kuwa chungu huiokoi kwa sukari, utaiharibu mara mbili. Toa karafuu zote unazoziona, kaanga vitunguu vingine vitamu vitwike juu, na uile na kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Siku ya pili itakuwa nafuu. Na mume anayekula kimyakimya bila kusukuma sahani, huyo mshukuru.

Mbali na pilau, chai ya maziwa inataka karafuu moja kwa vikombe vinne. Si zaidi, maana majani ya Rungwe na Mufindi yana ukali wake na tangawizi ndiyo inayopaswa kuongoza. Supu ya makongoro au ya kuku wa kienyeji, chomeka karafuu mbili kwenye kitunguu kizima, kichemke humo, kisha kitoe. Kwa wanaokula kitimoto, karafuu chache na asali kidogo kwenye nyama ya kuoka ni jambo ambalo mabaa yetu ya Mbeya na Iringa yangelijaribu yangepata wateja wapya. Msimu wa matunda, chukua matufaa ya Makete au mapichi ya Njombe, yale yaliyodondoka na kugonga chini ambayo sokoni hayana bei, yamenye, yachemshe na sukari kidogo, ndimu na karafuu tatu kwa kilo. Weka kwenye chupa ya kioo. Maharage yaache, na ndizi za Tukuyu ziache kabisa, zina ladha yake na hazikuomba msaada.

Ukienda kununua Mwanjelwa usiangalie wingi. Chagua karafuu zenye vichwa, zile tufe ndogo juu ya meno manne. Zisizo na kichwa zimeanza kuisha nguvu. Bonyeza kichwa kwa ukucha: nzuri inaacha alama ya mafuta na harufu inabaki kidoleni. Nyumbani tia chache kwenye glasi ya maji. Zenye mafuta huzama au husimama wima, kwa sababu mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji. Zilizokamuliwa au kuzeeka huelea zimelala. Epuka ya unga, huwezi kujua imesagwa na nini. Mara nyingi ni makonyo, vile vijiti vinavyoshikilia ua. Makonyo yana kazi yake, pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta, lakini kwenye pilau yako hayana kazi. Karafuu nzima kwenye chupa ya kioo, mbali na jiko na dirisha, hukaa vizuri mwaka mmoja na zaidi.

Swali lako la mwisho, la kupanda. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku huko Indonesia. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Said akausimamia kwa nguvu, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa mashamba ya Unguja, Pemba ikashika usukani na haijauachia. Bara unastawi kwenye milima ya Morogoro. Ni mti wa joto na unyevu wa kudumu, unaopenda hewa ya tambarare na vilima vya chini. Uyole iko juu ya mita 1,700, na baridi ya Juni na Julai inayotufanya tulale na mablanketi mawili haitaiacha miche salama. Tukuyu mvua ipo, ila joto halitoshi.

Ndugu zake unao tayari. Mzambarau ni wa jamii yake ya karibu kabisa, mpera ni wa ukoo huohuo, na hata ile milingoti (mikaratusi) iliyojaa kuanzia Mufindi hadi Njombe ni ya ukoo huo. Ponda jani lake unuse, utaona wote wana tabia ya kuficha mafuta kwenye majani.

Kama mna shamba Kyela, chini kule kandokando ya Ziwa Nyasa wanakolima kakao, hapo unaweza kujaribu miche michache chini ya kivuli cha migomba. Chagua sehemu iliyoinuka, siyo majaruba ya mpunga, maana mkarafuu haupendi maji yanayotuama miguuni. Ngoja miaka sita, saba, nane ndipo uone maua. Na miche itafute kwa wakulima wa Morogoro au Pemba. Hizo karafuu za wifi usizifukie ardhini, ni maua yaliyokaushwa kabla ya kuchanua, hayana mbegu ndani. Mbegu hutoka kwenye tunda lililoachwa likaiva mtini, nayo hutakiwa kupandwa mbichi ndani ya siku chache tu.